Mwanaesha Aliposikia kwa Mfupa

Mkokoni, Lamu

Kwa Mama mpenzi,

Pokea salamu za binti yako Mueni. Goti lako laendeleaje tangu mvua zianze huko Mwingi? Na ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, ila joto la huku bado sijalizoea. Mtandao huja na kwenda, ndiyo maana barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayekuja likizo huko akupe mkononi.

Mama, nina jambo la kukueleza, na mwanzo wake una aibu yangu. Katika Gredi ya Nane nina msichana aitwaye Mwanaesha. Muhula mzima nilimwona mkaidi. Ukimwita haitiki, ukimuuliza swali, anakutazama mdomo tu. Nikamhamishia nyuma kabisa asinipotezee wakati. Babake naye alishasema muhula ukiisha atamwachisha shule, maana hana kichwa cha masomo.

Wiki tatu zilizopita tukafika kwenye somo la sauti. Niliwapanga wanafunzi mstari, bega kwa bega, nikamsukuma wa kwanza taratibu. Msukumo ukapita hadi kwa wa mwisho, na hakuna aliyeondoka mahali pake.

"Sauti husafiri hivyo," nikawaambia. "Hewa ya kinywani mwangu haiji sikioni mwako. Kinachokuja ni mtetemo, chembe moja ya hewa ikiisukuma nyingine."

Kisha nikatoa chuma cha meno mawili, mfano wa uma, ambacho ukikigonga hutetema na kulia. Kila mmoja alikisikiliza karibu na sikio, halafu nikambandikia mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, wajue kwamba sauti hupita hata kwenye kitu kigumu. Ilipofika zamu ya Mwanaesha, nilikiweka karibu na sikio, akatikisa kichwa. Wenzake wakacheka. Nilipokiweka mfupani, alinikamata mkono, macho yamemtoka.

"Mwalimu, chaimba!"

Nikarudia mara tatu, jibu lile lile. Mama, mtoto hakuwa mkaidi! Njia ya sauti inayopita hewani ndiyo iliyozibwa. Ndani kabisa sikio lilikuwa hai. Nikakumbuka kila nilipomfokea, nikatoka nje kufuta machozi.

Baada ya masomo nilikwenda kwao. Bibi yake, Bi Zena, ndiye anayemlea.

"Shikio lilimuuma akiwa mdogo," akaniambia. "Likatoka usaha, tukalitia mafuta. Likanyamaa, tukadhani lishapoa."

Nikaomba tumpeleke hospitali Amu, yaani Lamu mjini. Babake alikuwa amesimama mlangoni. "Na wakisema hapana dawa?"

"Tutakuwa tumejua," nikamjibu. "Nami nitamketisha mbele."

Akasogea kando ya mlango. "Haya, bismillahi. Hiyo ndiyo ndia ya kupita. Nendani."

Daktari alimulika masikio yote mawili. La kulia lilijaa nta iliyokauka kama jiwe. La kushoto, ngozi ya ndani imetoboka. Tulikaa siku nne kwa dada yake Bi Zena, tukilainisha nta kwa dawa, kisha wakaliosha lile la kulia. La kushoto limeandikiwa barua ya kwenda kwa mtaalamu Mombasa. Hawakutuahidi yote, lakini hawakutukatia tamaa.

Wakati wa kurudi, mashine ya boti ilipowashwa, Mwanaesha aliruka na kuziba sikio.

"Bibi, mtambo huu hupiga kelele hivi siku zote?"

Bi Zena alicheka mpaka akalia. "Siku zote, mwanangu. Alhamdulillahi, siku zote."

Babake hazungumzi tena habari ya kumtoa shule. Na jana, katikati ya somo, Mwanaesha aliinua mkono, akasema mbele ya wote: "Mwalimu, sikusikia. Rudia." Hakuwa amewahi kuthubutu hivyo. Nilirudia, Mama, mara mbili.

Najua wataka niombe uhamisho nije karibu nawe. Niruhusu mwaka mmoja zaidi.

Nisalimie kaka Musyoka na mkewe, shangazi Kalunde anayeuza maharagwe sokoni, na jirani yetu fundi cherehani. Mwambie mchungaji amtaje Mwanaesha katika maombi. Huku nao wanamwombea dua, na Mungu atazipokea zote.

Mungu akutunze mpaka nikukumbatie Desemba.

Ni mimi mwanao,
Mueni