Ndama wa Columbus

Mama mpenzi, pole na kazi huko Louisville.

Leo chuoni Columbus, kwenye idara ya Zama za Kati ninayoililia, wametufungulia kitabu kilichoandikwa kwa mkono kama miaka mia nane iliyopita. Baba, anayetaka nisomee unesi Buffalo kwa mjomba, alivua kofia, akagusa ukurasa, akaunusa.

“Bon, haya, hii ni ngozi ya ndama.”

Kweli, Mama, vitundu vya manyoya bado vinaonekana! Akauliza ndama huyo alikuwa wa rangi gani, hakuna ajuaye. Kwetu milimani, unajua, ng’ombe hakosi jina, nalo hutokana na rangi yake.

Mwishowe akaniambia: “Baki usome hapa. Siku moja utatuambia huyo ndama alikuwa anaitwa nani.”

Mjomba utampigia wewe. Nakukumbatia sana.

Furaha wako