Mringaringa Wangu wa Kivulini

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Huku Chekereni mpunga umechanua, na bibi yako anakohoa kidogo tu.

Unauliza kwa nini mche wako wa mringaringa, mti wa mbao unaopenda jua, umekuwa mwembamba na umeinama. Umeuficha kivulini, sivyo? Sisi watu wa kahawa tunadhani kila mche unapenda kivuli kama mbuni.

Nilipomaliza shule, baba alinipandia wangu kihambani, shamba letu la ukoo huko Old Moshi, chini ya mringaringa wake mkubwa. "Hapa jua halitauunguza," alisema. Mwaka huo huo nilipata kazi kwenye malori Himo, akanikatalia: "Baki hapa, nitakutunza." Nikabaki. Mche ukarefuka kama fimbo, ukiinamia upenyo mmoja wa jua. Nilimwomba apunguze tawi moja tu la mti wake, akagoma.

Alipofariki, mche ulikuwa umeshakauka, na kihamba kikaenda kwa mdogo wetu wa mwisho, kama mila inavyotaka. Sasa nina jua tele huku tambarare, ila nililifikia nikiwa na mvi.

Uhamishe wako juani leo, ungali mdogo. Na mama yako akikwambia urudi nyumbani akutunze, mwambie babu amekataa.

Babu yako