Nilitangaza Nimepona Kifafa, Sasa Mpwa Wangu Ameacha Vidonge

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, ingawa kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa msaada, na mtaani kwetu ukiuliza nani anajua mambo utaelekezwa kwenye karakana yangu ya kuchomelea mageti kabla hujamaliza swali. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu mimi na mwalimu tulikuwa tunagombania nani amfundishe mwenzake, lakini chuma nakijua, umeme naujua, na mwaka huu nimeujua hata ubongo, kama utakavyoona.

Nina kifafa. Hilo nimeliandika haraka nisije nikabadili mawazo. Kilinianza miaka miwili iliyopita, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, mwenye mabega ya kubeba geti peke yangu, nikaanguka nikiwa na kopo la rangi mkononi, nikazinduka nimekuwa kijani kuanzia kichwani hadi kiunoni, watu wamenizunguka, mmoja anasema nimepagawa na mwingine anauliza kama rangi inatoka. Kuanzia hapo nikaandikiwa vidonge, asubuhi na jioni, na vinanisaidia, ila wateja wakaanza kupeleka mageti yao kwa fundi wa barabara ya pili, mtu ambaye geti lake ukilifunga kwa nguvu linafunguka upande wa bawaba.

Sasa pale kliniki ya magonjwa ya ubongo na akili, ambapo sisi wa kuanguka tunakaa benchi moja na wenye sonona na wenye kusikia sauti, na kila mmoja anajifanya amemsindikiza mwenzake, wakaja watafiti wa chuo kikuu na kofia. Ni laini kama soksi, na ndani yake wamepanga vipande vya silikoni vyenye nyuzi nyembamba kiasi kwamba unywele wako ukiulaza pembeni utadhani ni gogo. Mtafiti mwenyewe, binti mwenye miwani mikubwa, alinieleza kwamba hivyo ni vitu vinavyopitisha umeme nusunusu, si kama waya wangu wa kuchomelea unaopitisha wote, wala si kama raba inayokataa kabisa, na huo unusunusu ndio unaoviwezesha kunasa umeme mdogo sana wa ubongo na kupiga kengele mtu anapokaribia kuanguka. Nikamwambia hayo nilishayawaza zamani, sikupata nafasi tu.

Akanieleza mara mbili, na nikatia sahihi, kwamba kofia haitibu, inasikiliza tu, na vidonge niendelee navyo. Wakanipa na daftari. Kila nikianguka niandike siku, saa, ilivyokuwa, na nani ameshuhudia. Wiki sita.

Mshauri, mimi nikivaa kitu siwezi kukivaa kimyakimya. Nilitoka pale kliniki na kofia kichwani na kisanduku chake kiunoni, na watu waliponiuliza nikawaambia nimechaguliwa kati ya watu mia nne, ambapo kwa kweli tulikuwa kumi na wawili na mmoja alikataa, nikawaambia madaktari saba walisimama kuuangalia ubongo wangu kwenye skrini na mmoja akavua miwani akaifuta. Yule binti aliwahi kuniambia, "Mzee, hapa kuna kelele nyingi sana." Nikajua ni sifa. Kumbe alimaanisha nikiongea mashine inarekodi taya badala ya ubongo, na akaniomba ninyamaze dakika kumi, dakika ambazo hazikuwahi kutimia.

Mwisho nikawaambia kofia imeniponya na vidonge nimeshavitupa. Wateja wakarudi. Hata mwalimu mkuu aliyekuwa amehamia kwa yule wa barabara ya pili alirudi na mageti mawili. Vidonge nikavihamishia kwenye kopo la skrubu, nikawa nameza nikijifanya natafuta skrubu ya nusu inchi, na anayejua ni mke wangu peke yake.

Kuanguka kwenyewe nimeanguka mara tatu ndani ya hizo wiki, kwa sababu vidonge vya kumeza kwa kujificha vingine husahaulika. Mara ya kwanza kofia ililia pi-pi-pi nikiwa karakana, mteja yupo mlangoni, nikazinduka niko chini ulimi unauma, nikamwambia nilikuwa nakagua bawaba ya chini. Mara ya pili ililia nikiwa sebuleni, na nilipozinduka nikamwambia mke wangu nilikuwa nafanya mazoezi.

"Mazoezi ya kutoa povu?" akaniuliza.

"Ya kijeshi," nikamwambia.

"Haya kamanda, badilisha suruali."

Mara ya tatu ilikuwa bafuni na hiyo haina shahidi. Kwenye daftari, mara zote tatu niliandika: Sijaanguka, niko imara. Pale pa shahidi nikaandika: Mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita yule binti aliangalia kisanduku, akaangalia daftari, akainamisha uso. "Mzee, kofia yako imepiga kengele mara tatu na wewe huanguki. Kwa wenzako kila ikilia kweli wanaanguka. Alhamisi wakubwa wangu wanakuja kusoma madaftari yote, na sijui nitawaambia nini." Nilitaka kumwambia, Mshauri, naapa nilitaka, lakini kulikuwa na nesi.

Hayo ningeyamaliza mwenyewe. Lililonifanya nishike kalamu ni mpwa wangu.

Dada yangu mkubwa ana binti wa miaka kumi na saba anayejifunza ushonaji, naye ana kifafa tangu utotoni, na vidonge vilikuwa vimemtuliza, mwaka mzima na zaidi hajaanguka. Lakini vinamtia usingizi, na wenzake pale cherehani wanamwita Bibi Sinzia. Akasikia mjomba amepona bila vidonge. Akaniuliza mwenyewe, akiwa amekaa mbele yangu anavunja vidole, "Mjomba, kweli umeviacha?" Nikamwambia, mama, ubongo ni kama mashine, ukiulea kwa vidonge unadeka. Sijui hata nilikoyatoa hayo. Yalikuja yenyewe, na yalikuja vizuri.

Leo ni siku ya tisa hajameza. Ameanguka mara mbili. Mara ya pili alikuwa na pasi ya moto mkononi, na mkono wake wa kushoto umebabuka kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Nilikwenda kumwona. Nikawaambia huo ni ubongo unajizoesha.

Akaniuliza, "Mjomba, na wewe ulianguka mara ngapi kabla ubongo wako haujazoea?"

Nikamwambia, "Mara moja tu."

Akaitikia kwa kichwa, na nikaona anajilaumu, kama vile yeye ni dhaifu na mimi ni shujaa.

Sasa dada yangu ananiambia, "Mdogo wangu, tuazime hiyo kofia siku mbili tu, naye ajaribu." Jumapili anaijia. Swali langu ni hili: nimwazime ili heshima ibaki, au nimwambie imeharibika? Nikisema ukweli wateja watakimbia tena, watafiti watanifukuza, na mtaa mzima utanicheka mpaka nihame. Naomba unitafutie njia ya tatu, yenye hekima, ila isiwe na kusema ukweli ndani yake.

Ni mimi,
Fundi Mkuu (namba yangu ya simu nimeiweka chini, ikihitajika kwa mahojiano)

MSHAURI ANAJIBU

Fundi Mkuu,

Barua yako ilifika Alhamisi asubuhi. Sikuisubirisha. Niliisoma mara moja nikapiga ile namba ya mahojiano. Akapokea mwanaume mwenye sauti nzito akasema yeye ni katibu wako na wewe uko kwenye kikao na wanasayansi. Nikamwambia katibu wako amwambie bosi wake aende kwa dada yake saa hiyohiyo, binti apelekwe kliniki. Katibu akasema, "Ujumbe umefika," akakata simu. Nimepiga mara tano baadaye, katibu hapokei. Kwa hiyo nakujibu hapa, gazetini, ambapo hata dada yako anasoma.

Kwanza nikupe pole, maana pole yako ipo. Kifafa ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wa figo, na mtaa unaomkimbia fundi kwa sababu ubongo wake unapata hitilafu ya umeme ni mtaa wa kuonewa haya. Nyinyi mnaowaita wagonjwa waliopagawa, na nyinyi wenye vijina vya Bibi Sinzia hapo cherehani, someni hapa pia. Mmechangia mkono ule kuungua.

Pole imeishia hapo.

Watu walitumia miaka kutengeneza uzi ambao jicho haliuoni, unaoweza kusikia ubongo ukikaribia kuchafuka. Wakakuvalisha. Kofia ikakuonya mara tatu, ikawa kweli mara tatu, nawe mara zote tatu ukaiandikia kwamba inasema uongo. Kati yako na kofia, mwenye kasoro kichwani si yule mwenye silikoni. Na yule binti wa miwani anakosa amani akitafuta kosa katika kazi yake, wakati kosa limekaa mbele yake linamwambia ni imara na shahidi ni lenyewe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeleta mtindo mpya: ufiche wewe, kimuumbue mtoto wa dada yako.

Maana sikiliza, Fundi. Binti yule hakuacha dawa kwa ujinga. Alikuja kuuliza. Alikaa mbele ya mtu anayeujua ugonjwa ule kwa mwili wake, tena mjomba wake, akauliza swali la moja kwa moja, akapewa hotuba. Akaanguka na pasi, akauliza tena, akapewa hesabu ya uongo. Kuacha vidonge vya kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo huua. Hiyo ndiyo bei ya ile "mara moja tu" yako.

Umeniomba njia ya tatu. Haipo. Hata ya kwanza na ya pili hazikuwapo. Kofia ile haiendi popote Jumapili. Haitibu, imepimwa kwa kichwa chako, na si mali yako kuiazima.

Utafanya hivi. Unapomaliza kusoma, zima mashine, uende kwa dada yako, na mpwa wako aende kliniki leo, siyo Jumatatu. Muende na karatasi yake ya dawa na mkono wake ule ukaoneshwe pia. Asijirudishie vidonge kwa kukisia, wala asimeze vingi kufidia siku zilizopita. Daktari atasema aanzie wapi. Na ule usingizi, mwambieni daktari. Huenda dozi ikabadilishwa au dawa ikawa nyingine. Mwaka mzima mtoto anasinzia na hakuna mtu mzima aliyewaza kuuliza, kwa sababu mtu mzima anayeijua kliniki alikuwa anahesabu madaktari saba. Njiani akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie chochote mdomoni, angalia saa. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, hapo ni hospitali mbio.

Ukishamfikisha, palepale kliniki mtafute binti wa miwani. Usimpe daftari jipya lililoandikwa vizuri. Mpe lilelile, ukate uongo kwa mstari mmoja unaosomeka, uandike juu yake kilichotokea: karakana, sebuleni, bafuni. Sebuleni shahidi unaye, na kwa nilivyomsoma mkeo, atashuhudia kwa furaha. Ikiwa wakubwa wameshasoma, watasoma tena. Watakukaripia. Watakutoa kwenye utafiti, pengine. Utaishi. Na umweleze daktari wako kwamba unaruka vidonge na unachomelea chuma cha moto, kisha ukubali atakavyokupangia kazi, na usipande ngazi na moto mkononi.

Wateja? Waliokuja kwa ajili ya kofia waende zao. Wanaojua geti lako linafunga watabaki, nao wakiona kopo la vidonge juu ya meza hawatakufa. Watacheka? Watacheka sana. Mtu aliyekuwa kijani hadi kiunoni akaendelea kuishi mtaa uleule hawezi kuuawa na kicheko.

Sasa la mwisho, nalo ndilo gumu kwako. Ukifika, usianze na salamu ndefu, usianze na chuo kikuu, usianze na jinsi ubongo ulivyo kama mashine. Kaa chini, binti akiwa anasikia, useme, "Dada, mimi nameza vidonge." Ni maneno manne. Ukiona la tano linakuja, uma ulimi, shika mkono wa huyo mtoto, ule usioungua, mwondoke.

Fanya haraka, Fundi. Gazeti limeshafika mtaani kwenu.