Risasi za Kuulia Panya

Kaka, uwanja wa shabaha sirudi tena. Sirudi.

Unakumbuka nilivyozidharau risasi ndogo, nikasema ni za kuulia panya? Leo nimebeba zile kubwa za kuwindia nyati, kwenda kupiga karatasi iliyo mita hamsini tu. Zote zimekwenda kombo.

Kocha akasema, "Lete bunduki, nikujazie mimi." Nikalenga, nikavuta. Kimya. Kumbe kaniwekea ganda tupu la risasi.

Na mimi nimeshafumba macho, bega limeruka. Bunduki haijalia, kaka, mimi nimeruka. Mke wangu anaangalia.

Kocha akawageukia watu: "Mnaona? Anaiogopa bunduki yake mwenyewe."

Mke wangu akaomba bunduki ya zile risasi ndogo. Risasi tano, zote tundu moja. Akaniletea karatasi: "Shika, panya wako amekufa."