Maelezo ya Arbia Dagane Kuhusu Kifo cha Mumewe Katika Shamba la Bangi

Yamechukuliwa kituo cha polisi, Masalani, Ijumaa tarehe 9/8/2024, saa nane na nusu mchana.

Jina: Arbia Dagane. Umri: miaka 34. Kazi: kufuga mbuzi na kuuza maziwa sokoni. Makazi: Masalani, upande wa mtoni.

Nasema kwa hiari yangu, na nasema sasa kabla vijana walio langoni mwa kituo hiki hawajavuka mto. Wanaamini mume wangu Bulle aliuawa na wakulima wa ng'ambo. Si kweli. Aliyemuua ni Abdiwahab, kaka yangu wa tumbo moja.

Abdiwahab analima kando ya mto. Mbele ni mahindi, nyuma yake ni bangi. Mwezi wa sita nilimpelekea maziwa nikamkuta amepiga magoti, anakata vichwa vya miche kwa mkasi na kuinamisha matawi, kila tawi amelifunga kwa kamba kwenye kigingi. Aliniambia mche ukikatwa kichwa hutoa matawi mengi, na ukiinamishwa hupata jua kote wala hauonekani juu ya mahindi. Aliyashika yale matawi kwa upole ambao hajawahi kumshikia mtoto wake. Nilijua ni bangi, mimi si mtoto. Nikanyamaza kwa sababu ni ndugu yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami kimeniumbua.

Mnamo tarehe 8/8/2024, saa nne asubuhi hivi, mbuzi wetu walipenya ua wa miiba wa shamba la Abdiwahab wakaingia kwenye bangi. Mimi na Bulle tuliwafuata. Walikuwa wameshakula safu mbili. Mbuzi mmoja mwenye mimba alinaswa miguu kwenye kamba, akawa anajivunja. Nilichomoa kisu nikazikata, na kwa hasira nikakata hata zile ambazo hazikumshika. Matawi yakafyatuka juu.

Abdiwahab alikuja mbio na panga. Alianza na yule mbuzi, akamkata shingo mikononi mwangu. Kisha akauliza, "Nani kata hii kamba?" Bulle alininyang'anya kisu akasema, "Ni mimi. Wacha dada yako."

Nilisema, "Walaal, ndugu yangu, ni mimi, wallahi ni mimi." Hakutaka kusikia. Alimkata Bulle mkono wa kulia, kisu kikaanguka pamoja na vidole viwili. Panga la pili lilimpata shingoni. La tatu alimpiga akiwa chini, na la nne. Nilimrukia mgongoni nikamuuma sikio hadi nikaonja damu. Alinitupa, akanipiga kwa ubapa wa panga, jeraha ni hili kichwani. Halafu akapiga magoti, akaanza kuyafunga matawi yake upya, mikono imejaa damu ya mume wangu.

Bulle alikata roho kabla ya adhuhuri. Aliyesikia kelele zangu ni mzee Jilo, mkulima wa ng'ambo. Alivuka kwa mtumbwi akamfunika kwa shuka yake mwenyewe. Huyo ndiye wanayetaka kumchinja leo.

Jana jioni mama yangu alinijia. Alisema, "Sema ni wakulima. Bulle hawezi rudi. Ukitaja ndugu yako, mimi si hooyo yako tena." Nampenda mama yangu. Abdiwahab leo namchukia, kesho sijui. Amejificha kwa mama, chumba cha nyuma.

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyafanya kwa mkono wangu. Nimesomewa, ni sawa, na sitayabadilisha.

Dole gumba la kushoto: Arbia Dagane.

Maelezo ya afisa: Niliyaandika mimi, Koplo Shuaib, nikamsomea kwa Kisomali. Abdiwahab alikamatwa saa tisa na dakika kumi mahali alipotaja shahidi. Baada ya hapo shahidi aliomba kutoka hadi langoni, akawaambia vijana jina la aliyeua. Walitawanyika. Mama yake alikuwa pamoja nao. Aliondoka kabla shahidi hajamaliza kusema.