Bunduki Nyepesi kwa Bega la Baba

Msambweni,
Jumatano.

Kwako kaka yangu Sharif,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba lile jino lililokuwa likikunyima usingizi limeshapoa au limeshang'olewa. Sisi huku hatujambo. Mama hajambo, ila analalamika kwamba ukipiga simu kutoka bandarini huwa una haraka kama mtu anayefukuzwa. Baba naye hajambo. Neno hilo nimekuambia mara nyingi mwaka huu bila mwenyewe kuliamini, na leo naliandika kwa moyo mweupe.

Barua hii nampa Mathew, fundi wa mitambo mwenzako wa melini. Alipita nyumbani kutuaga kwa vile likizo yake imekwisha, na mama akamzuia kwa sahani ya wali ili mimi nipate muda wa kuandika. Kwenye simu ningeanza kukueleza, mtandao ungekatika katikati, na ungebaki na ile nusu mbaya ya habari.

Kila ukipiga unauliza kama tumeshanunua bunduki. Ulinisisitizia namba kumi na mbili, ukasema baba hawezi kushika bunduki ya kitoto mbele za watu wa bonde letu la Ramisi. Kaka, bunduki tumenunua. Si hiyo uliyoitaka, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unakumbuka baba alivyoanguka kwenye tuta la shamba msimu uliopita, akavunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Tulichoambiwa sote ni kwamba aliteleza. Rael, yule mke wa mpishi wa hoteli huko Diani ambaye amekodi konde linalopakana na letu, ndiye aliyemwinua na kumleta barabarani, naye alisema hivyo hivyo. Mfupa uliunga, lakini ukaunga upande. Daktari alimwambia baba kwamba bunduki yenye teke kali ikimgonga pale, utavunjika tena na safari hii huenda usiunge. Basi ile kumi na mbili yake kuukuu ikafungiwa kwenye sanduku la chuma, na ufunguo akampa mama.

Kuanzia hapo baba hakuwa baba. Bata walipoanza kushuka bondeni, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi, walikula mbegu tuliyomwaga jioni ikawa asubuhi ni matope matupu. Wenzetu wa bondeni walikuja kumwuliza watafanyaje, maana kibali cha kuwapiga bata wakati wa kupanda kilitolewa kwa jina lake, na wewe unajua siku hizi huwezi kuwinda kwa kujipendea. Aliwajibu kwa ufupi kwamba bega linauma. Akawa anakaa barazani ameelekea ukutani. Chakula kinarudi jikoni kama kilivyotoka. Mama aliamini baba anakufa kwa kuikosa bunduki. Nawe ulisema hivyo hivyo, kwamba mzee yule asipopata bunduki hataiona Ramadhani nyingine. Mimi nikaamini kama nyinyi, na ndiyo maana nikaanza kutafuta bunduki ambayo bega lake lingeiweza.

Nilikwenda Mombasa kwenye duka la silaha, nikamkuta muuzaji anaitwa Dishon, mtu wa bara, mnene, mwenye sauti ya chini. Yeye huzungumzia bunduki kama fundi cherehani anavyozungumzia vitambaa. Nilimweleza habari ya mtulinga, bata na tope la mpunga. Alinifundisha kwanza kwamba kwenye bunduki za marisau, zile zinazotawanya chembe ndogo ndogo, hesabu inakwenda kinyume: namba ikiwa kubwa, tundu la mtutu ni dogo. Kwa hiyo namba ishirini ni nyembamba kuliko kumi na mbili, tena nyepesi mkononi. Nilimwonyesha kidole kwenye moja nyembamba kabisa, mtutu wake kama fimbo ya mwalimu, nikasema hiyo ndiyo haitaumiza mtu. Akatikisa kichwa. Alisema ile ina marisau machache mno. Bata atapigwa chembe moja bawani, ataruka nayo, akafie kwenye matete asionekane, na hiyo ni dhambi tu. Alinishauri namba ishirini, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, na risasi za kipimo chepesi.

Nikadhani tumemaliza, kumbe nusu ya kazi ni risasi. Dishon aliuliza kama watu hunywa maji ya bonde hilo. Nikamwambia watu hunywa, ng'ombe hunywa, na mpunga tunakula. Basi akazirudisha kabatini zile za madini ya risasi, akatoa zenye chembe za chuma. Nilicheka, nikamwambia kwetu hilo ni fumbo, risasi isiyokuwa ya risasi. Naye akacheka. Akanieleza kwamba chembe za madini zikizama kwenye tope, bata huzimeza wakidhani ni changarawe, na sumu yake hubaki. Ila chuma ni chepesi, hakifiki mbali, kwa hiyo lazima uchague chembe kubwa kidogo na umsubiri ndege asogee. Mtu asiyeweza kusubiri, alisema, asinunue hizi.

Hakutaka kuuza kabla mwenye bega hajaijaribu. Duka lao lina uwanja wa shabaha nje ya mji, na mteja hujaribu huko mbele yao. Kazi ikawa kumpeleka baba. Alikataa kabisa. Alisema hataki bunduki nyepesi wala nzito, tumwache. Mama alilia kaka, na unajua mama si mtu wa kulia. Baba alipoona hivyo akanyanyuka, akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akaja nami, tukavuka feri.

Uwanjani Dishon alitundika karatasi nyeupe kubwa kwenye ubao ili tuone marisau yanavyotawanyika. Alimpa baba vitu vya kuziba masikio, akamwekea bunduki begani taratibu, akamwuliza kama kitako kinagusa mfupa. Baba alipiga. Bega halikuuma, alikiri mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikamshika mkono. Lakini karatasi ilikuwa safi. Akapiga tena, safi. Dishon alidhani mtutu una kasoro, akaichukua yeye akapiga mara moja, na karatasi ikawa kama chujio la nazi. Akaifungua bunduki, akaiweka mezani ikiwa tupu, akatuomba tusiiguse, akaenda kubadilisha karatasi.

Alikuwa amevaa shati jeupe. Alisimama mbele ya ubao akihangaika na pini.

Baba akaniuliza, "Keshaitundika?"

Nikamwambia bado, ndiyo kwanza anaibandua ile ya zamani.

"Na ile nyeupe pale si ndiyo karatasi?"

"Baba," nikamwambia, "yule ni Bwana Dishon."

Kaka, rangi ilimtoka. Aliitazama ile bunduki mezani, ingawa ilikuwa wazi na tupu, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta. Akakaa chini na kanzu yake nyeupe, kwenye vumbi. Nilidhani ni moyo. Dishon alikuja mbio na chupa ya maji. Baba alikunywa, akamwomba radhi, akasema anataka kuzungumza na binti yake. Dishon akachukua bunduki yake akaenda nayo ofisini.

Hapo ndipo baba aliponiambia. Sijui nitakuandikiaje ili uione kama nilivyoiona. Alisema hakuteleza. Asubuhi ile bondeni aliona kitu kinatikisika kwenye matete, kina weupe, akajua ni bata. Akainua bunduki, akasema bismillahi, kidole kikaanza kuvuta. Kile kitu kikakohoa. Ilikuwa ni Rael, ameinama anakata matete ya kuezekea banda la mbuzi wake, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Baba alijitupa ubavu pamoja na bunduki, risasi ikaingia kwenye tope, naye akaanguka juu ya tuta. Mtulinga ulivunjikia hapo. Rael alipomfikia alimkuta analia, si kwa maumivu. Alimsihi asiseme, kwa aibu, na mwanamke wa watu akanyamaza.

"Macho yamekwisha, Twaiba," aliniambia. "Nilijua tangu mwaka juzi. Nikaona nikisema, nitanyang'anywa kazi ya bondeni na nitakuwa mzee wa kushikwa mkono. Sasa nyinyi mnanihangaikia mnipe bunduki nyingine, mnadhani ninaililia. Mimi kila nikifumba macho namwona mama wa watu."

Basi kule kukaa kimya, kule kukataa chakula, hakukuwa kuililia bunduki. Sisi tulikuwa tunamtafutia dawa kwa kitu kilekile kilichomtisha. Nilimkumbatia pale pale vumbini. Nikahisi mzigo unanishuka, kwa kuwa nilishajua kinachomsumbua, na kwa kuwa Rael yu hai. Nilimwambia baba tunakwenda kwa daktari wa macho leo, hatupiti nyumbani. Hakubisha.

Daktari, msichana mdogo tu anayeitwa Gillian, alimulika macho yote mawili akasema ni mtoto wa jicho, amekomaa. Akauliza kwa nini tumechelewa hivi wakati ni jambo la kusafishwa. Baba alimwuliza mara mbili kama kweli linasafishika. Alidhani macho yakianza kwenda huwa yanakwenda tu, kama yalivyokwenda ya babu Chome. Walimfanyia upasuaji wa jicho la kwanza, likapona, kisha wakafanya la pili. Siku alipofunguliwa bandeji ya mwisho mama alikuwa amekaa mbele yake. Baba alimtazama kwa muda mrefu. Akamwuliza tangu lini ana mvi. Mama akamjibu kwamba tangu aolewe naye, na tukacheka wote mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha. Usiku ule alikula wali na samaki akaomba nyongeza.

Baada ya kupona, jambo la kwanza alilotaka ni Rael. Alimwomba aje nyumbani na mumewe, na mbele yao, mbele ya mama na mimi, alieleza yote na kuomba msamaha. Mume alikuwa hajui lolote. Alisimama, na niliogopa. Rael akamshika shati akamketisha. Akasema, "Mzee, wewe ulivunja mfupa wako ili usinipige mimi. Hiyo ndiyo nilikuwa nafikiria hii miezi yote, si ile ingine." Kisha akaongeza kwamba kilichomkera ni kuona wazee wanaficha macho yao kama wameyaiba. Mume wake akampa baba mkono. Tangu siku hiyo ametuletea mkate wa hotelini mara kadhaa, na baba humpelekea madafu.

Sasa nifike kwenye bunduki, na hapa ndipo lilipo lile nililokuwa nakusogezea kidogo kidogo. Baba amerudisha kumi na mbili yake kituo cha polisi cha Msambweni pamoja na cheti chake, kwa hiari. Anaona vizuri, lakini anasema amemaliza. Ile namba ishirini ya Dishon tumeinunua, kaka, ila si ya baba. Cheti kimetoka kwa jina langu. Nilihojiwa, nikachunguzwa, nikafundishwa pale uwanjani mpaka bega likawa na rangi ya zambarau, kisha likazoea. Kibali cha bondeni nacho sasa ni changu. Sikukwambia mapema kwa sababu nilijua utasema mwanamke na bunduki wapi na wapi, na nilitaka kwanza nijue mwenyewe kama naweza. Naweza. Ile bunduki tuliyomchagulia baba kwa ajili ya mfupa wake imenikaa mimi kama iliyopimwa.

Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, tulikwenda bondeni alfajiri, baba na mimi. Yeye habebi kitu ila kikombe cha kahawa. Bata walipoingia kwa mluzi wao, nilitaka kuinua. Baba akaniwekea mkono begani, akaita kwa sauti kuuliza kama kuna mtu kwenye matete. Rael akajibu kutoka kondeni kwake kwamba yuko juu ya tuta, anatuona, tuendelee. Baba hakutosheka. Alimwomba apunge kitambaa. Akakipunga. Ndipo aliponiruhusu. Bata walikuwa wamerushwa na kelele, nikasubiri wazunguke na kusogea kama nilivyoelekezwa, nikasema bismillahi, nikapiga, wakaanguka wawili, na waliobaki wakahama bonde zima mpaka leo. Mmoja alikuwa bado na uhai, baba akamchinja. Mama aliwapika kwa nazi, na bakuli moja likaenda kwa Rael.

Mbegu tuliyomwaga upya imeota kaka. Ukisimama barabarani bonde ni kijani kitupu. Baba huenda kulitazama kila baada ya alasiri, akirudi anatusimulia alichokiona kama vile sisi ndio tuliokuwa hatuoni.

Kwa hiyo nakuomba usitafute tena bunduki huko ughaibuni. Ukitaka kumletea baba kitu, mletee miwani ya jua, daktari amesema avae, na anaona haya kuvaa ile ya kike niliyomwazima.

Mama anakusalimu na anakukumbusha sala. Baba anakusalimu, na amesema nikuandikie kwa maneno yake kwamba usimkasirikie mdogo wako, kwa kuwa analenga kuliko yeye alivyolenga ujana wake wote. Rael na mumewe wanakusalimu ingawa hamjaonana. Wasalimie wenzako wote wa melini. Mungu akulinde majini na akurejeshe kwetu salama, uje ule mchele mpya.

Mdogo wako akupendaye,
Twaiba Chirau