Muuaji Aliyeniachisha Busaa

Kipkoech, mjukuu wangu,

Huku Roret tuko wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na nyanya yako bado ananigombeza, kwa hivyo jua afya yake ni nzuri.

Umeuliza niliachaje busaa, ile pombe yetu ya mahindi. Huwa nawaambia watu niliamka asubuhi moja nikaamua, basi, mwanaume kamili. Huo ni uongo. Kilichoniachisha ni kitabu kibaya.

Jioni moja sisi wachumaji tulikuwa tukingoja lori la majani chai, ukungu umeshuka mpaka mtu haoni miguu yake. Msichana mmoja, Chepkorir, alitusomea kitabuni habari za mwanamke aliyewapa waume zake sumu, mmoja baada ya mwingine, huku akiimba. Sauti ya Chepkorir ilielea ndani ya ukungu, nami nikaelea nayo.

"Wewe unanuka busaa," aliniambia. "Ngojea lori ng'ambo ya barabara."

Huko sikusikia kitu. Kesho yake nikaja mkavu, bila tone la busaa, ili nijue nani amekufa. Siku iliyofuata pia. Kiu ilihama tu, ikamfuata yule muuaji.

Baadaye nilikifungua kile kitabu. Kilikuwa cha magonjwa ya ng'ombe. Mauaji yote Chepkorir alikuwa akiyatunga mwenyewe. Nilimwoa, ndiye nyanya yako, na mpaka leo chai yake naionja polepole.

Sikuulizi kwa nini umeuliza. Lakini ile Jumapili uliporudi ukinuka busaa, nilimwambia mama yako ulikuwa kanisani, kwa hivyo una deni langu. Tafuta kitabu kiovu kabisa. Kila jioni, ile saa koo linakuwasha kwa kiu, nipigie simu unisomee ukurasa mmoja. Macho yangu yamechoka.

Babu yako